Macho yaliniwasha kila asubuhi kwa miezi minne: nilichogundua kuhusu chumba chetu cha kulala

Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu. Uzi huu ni mrefu, mnivumilie. Nauandika kwa ajili ya yeyote anayeamka amechoka kuliko alivyolala, na hasa kwa wenye watoto wadogo.

Tulihamia chumba chenye kila kitu kipya: kabati la ukutani, rangi, zulia, godoro. Kila aliyeingia alisifu harufu ya upya. Wiki ya pili nikaanza kuamka macho yanawasha, koo limekauka na kichwa kizito. Nikitoka nje saa moja au mbili, yote yanaisha. Mtoto wetu wa miaka mitatu akapata kikohozi cha usiku tu, mchana hana shida. Tukasema ni mafua, mara ni vumbi, mara ni hali ya hewa. Miezi minne ikapita hivyo.

Kilichotufungua macho ni wageni. Tuliwaachia chumba, sisi tukalala sebuleni wiki nzima. Siku ya tatu kikohozi cha mtoto kikatulia na mimi nikaamka macho hayawashi. Mgeni mmoja naye akauliza asubuhi, "Humu ndani mmepulizia dawa gani?" Hatukuwa tumepulizia dawa yoyote.

Nikakagua kitu kimoja kimoja. Nilifungua kabati, nikaingiza kichwa, na macho yakaanza kutoa machozi papo hapo. Kabati lile lilitengenezwa kwa MDF. Kwa asiyeijua, ni ubao uliotokana na mbao zilizosagwa zikawa nyuzinyuzi, zikachanganywa na gundi na kushindiliwa kwa joto kali. Gundi inayotumika zaidi ni ya urea na formaldihaidi, na tatizo lake ni kwamba haitulii. Unyevu wa hewani unaimega kidogo kidogo, na formaldihaidi inatoka ikiwa gesi. Miezi ya mwanzo inatoka kwa wingi, kisha inapungua polepole kwa miaka. Joto likipanda inaongezeka, unyevu ukipanda inaongezeka. Sisi tulikuwa tunafunga madirisha usiku, tunalala watu watatu, tunapumua mvuke humo humo. Ilikuwa lazima asubuhi ndiyo iwe mbaya kuliko wakati wote.

Formaldihaidi si ya kuchezea. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka mwaka 2004 kwenye kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ile ya nyuma ya pua na koo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 lilitoa mwongozo wa hewa ya ndani: isizidi miligramu 0.1 kwa kila mita moja ya ujazo kwa wastani wa dakika 30. Kiwango hicho kiliwekwa kuzuia muwasho wa macho na pua, na kwa mujibu wa shirika hilo kinatosha kukinga na saratani pia. Yaani macho yako yanakulalamikia mapema, ukiyasikiliza.

Sasa kosa langu kubwa, na ndilo linaloniuma. Kwa sababu harufu ya kabati ilinikera, nilinunua kipulizia cha manukato ya ndimu nikawa napuliza kila jioni kabla mtoto hajalala. Baadaye nikajifunza kwamba manukato ya jamii ya ndimu na machungwa yana limonini, kemikali inayotoa harufu hiyo, na limonini ikikutana na ozoni, gesi ya hewani iliyoingia kutoka nje, huzaa formaldihaidi nyingine pamoja na vijichembe vidogo sana vinavyofika ndani ya mapafu. Nilikuwa namwongezea mwanangu kilekile nilichotaka kumwondolea.

Nilichofanya: nilitoa nguo zote na droo zote. Upande wa mbele kabati lilikuwa limefunikwa melamini, yaani tabaka gumu kama plastiki, safi kabisa. Lakini mgongo wake, chini ya rafu, kingo za ndani na matundu yote ya skrubu vilikuwa ubao mtupu. Gesi hutoka zaidi kwenye kingo zilizokatwa kuliko kwenye uso uliofunikwa, kwa hiyo kabati letu lilikuwa linapumulia pale pale tusipopaona. Niliziba kingo kwa utepe wa kingo, nikapaka vanishi ya maji tabaka mbili kwenye sehemu tupu, nikaziba matundu yasiyotumika. Kisha kwa wiki tatu milango ya kabati ilikaa wazi mchana kutwa, dirisha wazi, feni imeelekezwa nje. Sisi tukaendelea kulala sebuleni. Zulia nililitoa kabisa na halijarudi.

Nataka niliseme hili mapema kwa sababu biashara imelizunguka sana: kabla hujafikiria kununua kitu "cha asili", "kisicho na sumu" au chenye picha ya jani, ondoa kwanza kilichomo. Maneno hayo kwenye lebo hayana kipimo. Chumba chetu kimepata nafuu kwa kutolewa vitu, na hewa ikapata njia. Utaratibu wangu sasa ni kuondoa chanzo, kisichoondoka nakiziba, kisichozibika napitisha hewa, kinachobaki nakipangusa. Nikianza na mwisho, nafuta vumbi leo na kabati linaendelea kutoa gesi usiku kucha.

Karibuni mchangie, na wenye ujuzi mnisahihishe.

Mdadisi77

Mkuu, pole sana na yaliyowapata. Ila naomba nikupinge kidogo kwa nia njema. Hatuoni kama tunatishana? Kila kitu ni kemikali. Hata miili yetu hutengeneza formaldihaidi kidogo kila siku, na matunda yanayo. Babu zetu walilala kwenye vyumba vyenye moshi na wakazeeka. Mtu akisoma hapa si atatupa kila kitu nje?

Mleta uzi

Ndugu Mdadisi, ulichosema kuhusu mwili kutengeneza formaldihaidi ni kweli kabisa, na ndiyo sababu mwili unajua kuisafisha kiasi kile kidogo. Hoja ni kiasi na saa. Chumbani tunakaa karibu theluthi ya maisha yetu, saa nane mfululizo, mlango umefungwa, pua iko sentimita chache kutoka kwenye godoro na mto. Mtoto naye kwa kila kilo ya uzito wake anavuta hewa nyingi kuliko mtu mzima, na anacheza sakafuni ambako vumbi linatua.

Kuhusu babu zetu, naheshimu kumbukumbu, lakini tunawakumbuka waliozeeka. Moshi wa ndani ya nyumba uliua watu wengi na unaendelea kuua.

Na hapo umenikumbusha jambo ambalo lilipaswa kuwa la kwanza kwenye uzi. Zipo sumu za miaka ishirini na ipo ya usiku mmoja. Jiko la mkaa lililowaka au hata linaloelekea kuzimika, likiingizwa chumbani ili kupata joto, linatoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika, kwa hiyo mtu anakosa hewa huku anapumua, analala na haamki. Jenereta dirishani au gari linalonguruma kwenye gereji iliyopakana na chumba ni hatari ileile. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Mtu akisoma uzi huu akachukua neno moja tu, achukue hili, hayo ya MDF yanaweza kusubiri.

nesi_wa_zamu

Asante mleta uzi. Naongezea linalonigusa kazini: naftalini, vile vidonge vyeupe vinavyowekwa kabatini kufukuza nondo na mende.

Vinayeyuka kwenda moja kwa moja hewani, na mvuke ule ndiyo dawa yenyewe. Harufu unayoisikia kwenye shuka ni naftalini unayoivuta. Shirika la saratani alilolitaja mleta uzi limeiweka kwenye kundi la vitu vinavyoweza kuwa vya kusababisha saratani, na Umoja wa Ulaya uliondoa vidonge vya naftalini sokoni mwaka 2008. Lakini ninayemwogopea zaidi ni mtoto mchanga. Kuna watu wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, ambacho hulinda chembe nyekundu za damu. Upungufu huo ni wa kurithi, upo sana kwa watu wenye asili ya maeneo ya malaria, na wengi hawajui kama wanao. Mtoto wa aina hiyo akivikwa nguo au akifunikwa blanketi lililohifadhiwa na naftalini, chembe zake za damu zinaweza kupasuka kwa wingi. Anageuka manjano, mkojo unakuwa wa giza, na manjano ikizidi kwa mchanga inaweza kuumiza ubongo.

Familia nyingi zina sanduku la nguo za mtoto zilizotunzwa kutoka kwa kaka au dada yake, zimejazwa vidonge hivyo kwa upendo kabisa. Naomba zifuliwe na kuanikwa mpaka harufu iishe yote kabla hazijamgusa mtoto. Na mtoto mkubwa asivione kabisa, vinafanana na peremende.

Nondo wa nguo hupendelea nguo chafu. Viwavi wao hula sufu, hasa yenye jasho na mabaki ya chakula. Fua, kausha hadi mwisho, funga kwenye mfuko usiopitisha hewa. Inatosha.

mamakijacho

Dada nesi ubarikiwe, nimeenda kufungua sanduku sasa hivi na nimelitoa nje.

Nina ujauzito wa miezi sita. Mume wangu anataka kupaka upya chumba cha mtoto mwezi ujao. Nyumba ni ya zamani, rangi ya dirishani inabanduka vipande. Nilipanga nimsaidie kukwangua ili tumalize haraka. Kuna shida?

fundi_msasa

Dada, usikwangue, na usiwepo wakati wa kukwangua. Mimi ni fundi rangi, kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka ishirini, na mengi ninayokuambia nilichelewa kuyajua.

Rangi ya zamani ya mafuta inaweza kuwa na madini ya risasi. Dunia ilijua ubaya wake siku nyingi: mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia risasi nyeupe katika kupaka ndani ya majengo. Marekani iliipiga marufuku kwenye rangi za nyumba mwaka 1978. Nchi nyingine zimechelewa, na kuna ambako hata rangi mpya inauzwa ikiwa nayo. Inayoshukiwa zaidi ni rangi ya mafuta yenye manjano kali, nyekundu au ya machungwa. Kiwango kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa kisizidi ni sehemu 90 kwa milioni. Rangi ya maji ya ukutani mara nyingi haina shida hiyo, shida iko kwenye milango, madirisha, vitanda vya chuma na vitanda vya watoto.

Rangi yenye risasi ikiwa imeshika vizuri ukutani, haina haraka ya kuumiza. Balaa linaanza unapopiga msasa mkavu. Vumbi lake ni laini kama unga, linatua sakafuni, mtoto anatambaa juu yake kisha anaweka mkono mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya kile anachofyonza mtu mzima kutoka kwenye kiasi kilekile. Inashusha akili yake na haipandi tena. Kwa mjamzito, risasi inapita hadi kwa mtoto tumboni.

Kwa hiyo mwambie mzee afanye hivi. Kama kuna maabara inayopima, apeleke kipande cha rangi kwanza. Kama hakuna, achukulie kwamba ipo. Atoe vitu vyote chumbani, atandike nailoni nzito sakafuni, afunge mlango kwa nailoni na utepe wa kunata. Alowanishe kwa maji kabla ya kukwangua, na atumie msasa wa maji. Asitumie moto wa gesi kubandua rangi, ule unaigeuza mvuke. Avae barakoa ya vumbi ya kufunga vizuri, kitambaa hakitoshi. Nguo za kazi zisifuliwe na nguo za nyumbani. Akimaliza asifagie, apanguse kwa kitambaa chenye maji ya sabuni mara mbili, kisha maji safi. Dirisha linalosuguana likifunguliwa na kufungwa, ni bora libadilishwe kuliko kupakwa juu yake, kwa sababu kusuguana kutatoa vumbi tena na tena.

Rangi mpya: chagua ya maji, iliyoandikwa kwamba ina kiwango kidogo cha VOC, yaani vimiminika vinavyoruka hewani. Angalia na rangi ya kuchanganyia, maana kopo la msingi linaweza kuwa zuri na kichanganyio kikaongeza kilekile. Epuka rangi ya mafuta na thina chumbani kwa mtoto. Apake sasa, msisubiri wiki ya mwisho. Chumba kikae wazi wiki kadhaa kabla mtoto hajaingia.

mamakijacho

Asante sana kaka fundi. Nimemsomea mume wangu maneno yako yote, amesema wataanza wikiendi hii na mimi nitakuwa kwa mama yangu.

Mleta uzi

Fundi, mchango wako ni mzito kuliko uzi wangu. Naongezea neno la jirani na hilo: nyumba za zamani zinaweza kuwa na asbestosi, madini yenye nyuzi laini sana, kwenye dari, mabati ya saruji au vigae vya sakafu. Ikiwa nzima, iache. Usiitoboe, usiivunje, usiisugue. Nyuzi zake haziondoki mapafuni. Kuitoa ni kazi ya watu wenye vifaa.

usiku_wa_mbu

Wakuu, sisi tunaoishi penye mbu tufanyeje? Nawasha dawa ya mbu ya mzunguko kila usiku, dirisha limefungwa. Malaria nayo inaua.

Mleta uzi

Swali zuri, na malaria kweli haina mzaha. Lakini hebu tuangalie kinachowaka. Watafiti walipima moshi wa dawa hizo za mzunguko wakachapisha matokeo mwaka 2003: mzunguko mmoja ukiungua wote ulitoa vijichembe vidogo vya moshi sawa na sigara 75 hadi 137, na formaldihaidi ikafikia ile ya sigara 51. Kiuadudu kilichomo ni kidogo sana. Sehemu kubwa ya mzunguko ni unga wa mbao na vitu vingine vya kuungua, na huo moshi ndio unaoingia kifuani.

Chandarua chenye dawa kinakukinga bila moshi. Dawa imeshikwa kwenye nyuzi na kiasi kinachokufikia ni kidogo sana. Ukikipata kipya, kitundike kivulini siku moja kabla ya kulala ndani yake. Weka wavu madirishani na uzibe matundu. Ukishakuwa na wavu, dirisha linaweza kulala wazi, na hapo umetatua mambo mawili kwa mkupuo mmoja. Feni nayo inasaidia, mbu hawawezi kuruka vizuri kwenye upepo. Kama ni lazima kuwasha mzunguko, uwake jioni chumbani hamna mtu, kisha fungua dirisha lenye wavu moshi utoke ndipo mlale.

Mishumaa ya manukato, udi na ubani vyote ni moshi vilevile. Anayevipenda avitumie sebuleni, mchana, dirisha wazi. Chumbani kwa mtoto mwenye pumu, hapana.

kijani_kibichi

Mimi nimejaza mimea chumbani, mashine ya kusafisha hewa ya asili. NASA, shirika la anga la Marekani, walithibitisha kwamba inafyonza sumu. Nashauri kila mtu aweke.

Mleta uzi

Ndugu, mimea naipenda na chumbani tunao mmoja, lakini lazima niseme ukweli wake. Utafiti ule wa NASA wa mwaka 1989 ulifanywa ndani ya masanduku yaliyozibwa, kwa ajili ya vyombo vya angani. Chumba cha nyumba kinavuja hewa kila wakati. Mwaka 2019 watafiti walikusanya majaribio ya aina hiyo wakakokotoa upya, wakakuta kwamba ili mimea ifikie kazi inayofanywa na upenyo wa kawaida wa hewa, ungehitaji mimea 10 hadi 1000 kwa kila mita moja ya mraba. Hapo hapabaki pa kuweka kitanda. Na udongo uliolowa muda wote huota kuvu. Weka mmea kwa uzuri wake, na dirisha ulifungue.

Mashine za kuchuja hewa zipo za aina mbili na watu huzichanganya. Kichujio cha HEPA hukamata vijichembe: vumbi, chavua, moshi. Gesi kama formaldihaidi inapita. Ya gesi inahitaji kaboni amilifu, yaani mkaa maalumu unaonasa gesi, nyingi, na ibadilishwe. Zile zinazojisifu kwamba zinatoa ozoni, usiingize kabisa, ozoni inaumiza mapafu.

godoro_jipya

Naomba kuuliza kuhusu magodoro. Nimenunua la sponji juzi, linanuka sana. Nilipolilalia jana kichwa kiliniuma. Nimeliacha ndani ya nailoni yake ili lisichafuke. Je, nilirudishe ninunue la pamba?

Mleta uzi

Toa hiyo nailoni leo hii. Inafungia harufu ndani, inashika jasho, na kwa mtoto mdogo inaweza kumziba pua na mdomo. Sponji ni poliyurethani, aina ya plastiki. Ikishaiva kiwandani kinachotoka ni mabaki ya vimiminika vinavyoruka, ndiyo harufu hiyo, na hupungua sana kwa siku hadi wiki chache. Lisimamishe mahali penye upepo, kivulini, si juani, maana jua kali huozesha sponji. Ligeuze kila siku. Harufu ikiisha unaweza kulala kwa amani. Sioni sababu ya kulirudisha.

Ninayemwonea wasiwasi zaidi ni mwenye sponji kuukuu linalomong'onyoka na kutoa unga. Sponji nyingi za zamani, hasa za makochi na viti, ziliwekwa kemikali za kuzuia moto zinazoitwa PBDE. Hazishikani na sponji, zinatoka na vumbi, zinakaa mwilini miaka. Mkataba wa Stockholm, wa kimataifa kuhusu kemikali zinazodumu, uliziweka baadhi yake kwenye orodha ya kuondolewa duniani mwaka 2009, nyingine mwaka 2017. Sponji la namna hiyo lifunike vizuri au liondoke nyumbani. Usilichome moto, moshi wake una sianidi, sumu kali.

Kama unatafuta lebo ya kuiamini kwenye shuka na vitambaa, tafuta inayotaja kipimo, mfano OEKO-TEX Standard 100, ambayo hupima mabaki ya kemikali kwenye kitambaa chenyewe. Na shuka zilizoandikwa kwamba hazikunjamani, nyingi hutiwa dawa yenye formaldihaidi ili zisijikunje. Fua kabla ya kuzitumia mara ya kwanza, inapunguza sana. Nguo zilizotoka kwa dobi wa kemikali zianikwe nje kwanza, zisiingie kabatini zikiwa kwenye nailoni.

pumu_tangu_utoto

Mmenisaidia. Mimi sina kitu kipya chumbani, vyote vya zamani, lakini kifua kinabana usiku. Leo nimesogeza kabati kutoka ukutani baada ya kusoma uzi huu. Nyuma yake ukuta wote una madoa meusi na harufu ya uchafu wa maji. Nipake rangi juu yake?

fundi_msasa

Usipake. Itatoka tena ndani ya miezi michache na itabandua rangi. Hiyo ni kuvu, na kuvu ni habari ya maji. Tafuta maji yanaingilia wapi: bomba linavuja, paa, ukuta unanyonya kutoka chini, au ni mvuke wa kupumua unagota kwenye ukuta wa baridi nyuma ya kabati pasipo na hewa. Rekebisha hilo kwanza, ukuta ukauke hadi ndani, ndipo rangi.

Mleta uzi

Pole ndugu. Kwako wewe, kuvu na utitiri wa vumbi ni jambo kubwa kuliko MDF yangu. Kusugua, tumia maji ya sabuni na brashi, fungua dirisha, vaa barakoa na glavu. Ikiwezekana mwenye nafasi akufanyie, kwa sababu kusugua kunarusha mbegu za kuvu hewani na wewe una pumu. Ukitumia dawa ya klorini, isiguse siki, dawa ya choo wala chochote chenye amonia. Vikichanganyika vinatoa gesi ya kuunguza mapafu.

Kabati lirudi likiwa mbali na ukuta angalau upana wa kiganja. Usianike nguo mbichi chumbani. Asubuhi usitandike kitanda mara moja, funua shuka, fungua dirisha, godoro likauke. Unyevu wa chumba ukikaa chini ya asilimia 50, utitiri unapata shida kuishi, maana hawanywi maji, wanayavuta kutoka hewani.

Utitiri wenyewe ni wadudu wa robo milimita hivi, huwaoni, na kinachokubana kifua ni kinyesi chao. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi 60. Maji baridi yanaondoa uchafu lakini wao wanabaki. Midoli ya manyoya isiyovumilia joto iwekwe kwenye friza siku nzima, kisha ifuliwe. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, ufagio mkavu unarusha kila kitu juu. Na kitambaa hichohicho kinaondoa vumbi lililobeba PBDE na vilainishi vya plastiki vinavyotoka kwenye mazulia ya vinili, kwa hiyo hata asiye na pumu afanye hivyo.

Usiache dawa zako za pumu kwa sababu ya ushauri wa humu. Mwonyeshe daktari wako picha ya ukuta.

pumu_tangu_utoto

Nimekuelewa. Leo nalala chumba kingine. Fundi bomba anakuja kesho asubuhi. Na mtoto wako vipi sasa?

Mleta uzi

Tumerudi chumbani mwezi wa pili huu. Kabati bado lina harufu kidogo siku za joto, kwa hiyo nguo zake tumezihamishia kwenye sanduku la mbao lililoko ukumbini. Dirisha linalala wazi lina wavu. Kikohozi cha usiku hakijarudi. Jana usiku niliingia kumwangalia saa nane, nikasimama pale nikimsikiliza anavyopumua, na hapakuwa na sauti yoyote kifuani.